Neno Letu Liko Salama, Nekesa

Kwa Nekesa, mwana wa dada yangu, ambaye mimi humwita mwanangu na hakuna aliyewahi kunipinga,

Nusu ya Nairobi inalala usingizi kwa sababu yangu. Hilo ulijue kabla hujapanda ndege. Kutoka Kawangware mpaka Satellite, kutoka hapa Mashimoni, Kibera, mpaka kule juu Nyayo Highrise, popote unapoona dirisha lenye grili na mwizi amesimama nje anajikuna kichwa, ujue mkono wa Wafula umepita hapo. Nimesikia wezi wakikutana hulitaja jina langu kwa heshima. Hao wanaokuita huko ng'ambo hawajajua bado, lakini ukiwaambia khocha wako, yaani mjomba wako, ni nani, wataongeza kiti.

Najua umesoma mpaka hapo na umeshasema, kwa ile sauti yako, "Khocha, toa sufuri mbili." Haya, nimetoa. Nyayo Highrise ni madirisha matatu, na moja lilirudishwa kwa sababu lilikuwa fupi.

Naandika nikiwa upande huu wa pazia, wewe uko upande ule, na nasikia vidole vyako kwenye kompyuta. Sanduku lako liko mlangoni. Mambo ya sweta, ya chakula, ya kuamka mapema, mama yako ameyasema kwa simu kutoka Bungoma, akayarudia, akampa nyanya yako simu naye akayasema. Mimi nayaruka. Na neno letu la siri, lile uliloniachia, liko salama. Hakuna benki iliyowahi kuweka kitu salama namna hiyo.

Kinachonisumbua ni kimoja. Tangu Jumapili, pale simu yangu na yako zilipokataa kukubaliana, hujaacha kutafuta kosa katika kazi yako. Jana ulisema bila kuniangalia, "Khocha, kama haiwezi kukutambua hata wewe, nitasimama mbele ya wale watu niseme nini?" Na leo jioni umesema kwamba kesho kabla ya kutoka utamwandikia profesa wako mpya umwambie kitu chako hakijaiva, usikionyeshe. Mwanangu, usimwandikie mpaka umalize barua hii. Naelekea huko huko. Lakini unanijua, mimi sina njia fupi.

Nianze na simu ya mwaka jana. Unaijua, ila hujawahi kuisikia kutoka kwangu bila mapambo.

Nilikuwa kazini Kawangware, nimevaa ile miwani nyeusi ya kuchomelea, simu ikalia. Namba siijui. Msichana analia.

"Anko, ni mimi."

"Nekesa?"

"Ndio, anko. Ni Nekesa."

"Mbona unaniita anko na siku zote ni khocha?"

"Pole, khocha. Nimechanganyikiwa."

"Na hiyo sauti je? Ile homa ya Jumapili haijaisha?"

"Haijaisha, khocha. Imezidi."

"Uko hosteli, ama ulienda kwa yule rafiki yako wa Rongai?"

"Niko Rongai."

Sasa mimi si mtu wa kudanganywa ovyo. Mimi ni mtu wa usalama. Nikaamua lazima nimpime. Nikauliza kwa ukali, "Kama kweli ni wewe, niambie: geti kubwa kuliko yote niliyowahi kuunda, si ni lile la kanisa pale Satellite?"

"Ndilo hilo, khocha. Geti zuri sana."

Nikasema moyoni, huyu ni Nekesa kabisa, nani mwingine angejua? Nikatuma pesa niliyokuwa nimeiweka ya kununua grainda. Mpaka leo nakata chuma kwa grainda ya kuazima.

Otieno wa simu, jirani yangu wa kibanda, alikuwa amesikia yote. Akaweka chini bisibisi yake akaniuliza, "Wafula, huyo umemuuliza ama umemjibia?" Nikamwambia ashughulike na vioo vyake.

Jioni ukaingia hapa nyumbani mzima wa afya, umebeba sukuma wiki. Mimi nikaanza kukusimulia jinsi nilivyokuokoa. Hukucheka, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mtoto wa Kibera akisikia mtu ameibiwa kwa simu kwanza hucheka, pole huja baadaye. Wewe uliketi juu ya mtungi wa maji ukasema, "Khocha, rudia yote. Alivyosema na ulivyosema." Nikarudia. Ukawa unatikisa kichwa polepole.

"Umeona? Kila swali lako lilikuwa na jibu ndani. Alikuja mikono mitupu, akaondoka na wewe mzima mfukoni."

"Na ningeulizaje? Kuuliza lazima useme kitu."

"Kuna njia ya kuuliza bila kutoa jibu," ukasema. "Na akiwa mwongo, anarudi alikotoka bila kujua hata amekosea wapi."

Nikasema huo ni uchawi. Ukasema ni hesabu.

Mwanangu, miaka hiyo yote nilikuwa nikiwafungia watu madirisha na mdomo wangu mwenyewe uko wazi, hauna hata fremu. Kila mpita njia anachungulia ndani. Sikuwahi kuona hivyo mpaka siku hiyo, nikikutazama umekaa juu ya mtungi.

Baada ya hapo ndipo ukaanza kusoma yale mambo mpaka ukabandika karatasi ukutani, juu ya jiko. Jina lake naliandika nikilitazama nisije nikakosea: smooth projective hash functions. Jina refu kama treni ya mizigo. Nilipomwambia Otieno kwamba unasoma kufuli, akaniuliza kufuli gani.

"Kufuli za hesabu."

"Na wewe umeelewa?"

"Mimi ndiye mwanzilishi."

Akacheka mpaka akaangusha simu ya mteja. Lakini hapo hakuna sufuri ya kutoa. Kama nisingeibiwa, ungeanzia wapi?

Nataka nikukumbushe siku uliyonielezea, kwa sababu sidhani unajua kilichonipata siku ile. Ulikuja kazini Kawangware ukiwa na chapati. Ukaokota kipande cha wavu wa chuma kilichobaki kwenye kazi ya mtu, ukakilaza chini. Ukachukua nati, ukaiangusha juu yake.

"Khocha, hiyo nati iko karibu na kiungo gani?"

Nikaonyesha kwa kidole. Kazi ya mtoto.

"Sasa huu wavu unaenda mbele na kando tu. Uongeze wa kwenda juu."

"Kama kizimba cha kuku."

"Kama kizimba. Ongeza upande mwingine."

"Upande gani mwingine? Mbele, kando, juu. Zimeisha."

"Hazijaisha. Ongeza mpaka ziwe mamia. Na usionyeshwe wavu wenyewe. Upewe tu vyuma virefu vilivyopinda, vimelaliana karibu karibu, uambiwe wavu wote unatokana na hivi. Nati ikianguka, utajua kiungo kilicho karibu nayo?"

Nikafunga macho nijaribu. Nilipata upande wa juu, nikatafuta wa baada ya juu, nikahisi kama mtu aliyefungua kabati la nyumba yake akakuta nyuma yake kuna chumba, na nyuma ya chumba kuna kingine, na hakuna ukuta wa mwisho. Nikashika meza.

"Hakuna anayejua njia ya haraka," ukasema. "Hata zile kompyuta mpya zinazotengenezwa, ambazo zitavunja kufuli nyingi za leo. Za wavu, mpaka sasa, hakuna aliyepata njia."

"Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa. Hakuna aliyethibitisha kwamba haiwezekani."

Hapo ndipo nilipokuheshimu, zaidi ya siku uliyopita mitihani. Mimi nikiuza kufuli nasema haivunjiki milele, hata na mama yake mwizi. Wewe una kufuli iliyowashinda watu wenye akili wa dunia nzima na bado unasema "mpaka sasa".

Kisha ukaniambia kitu ambacho sijakimaliza kukitafuna. Ukasema hesabu yenyewe, ikiwa imenyooka, ni ya shule ya sekondari, mtu yeyote anaifungua. Siri ni kwamba mnaongeza makosa. Kwa makusudi! Makosa madogo madogo kwenye kila mstari, kelele kidogo, na kufuli ni hizo kelele. Mimi nimechomelea chuma tangu nikiwa na nywele, nikipigana na makosa. Nusu ya kidole hapa, unene wa kucha kule, mteja ananitukania mama. Kumbe kuna watu wamekaa chini wakagundua kwamba kosa dogo, likipimwa vizuri, lina nguvu kuliko chuma. Nikazima mashine ya kuchomelea, nikaketi chini. Otieno alikuja kuangalia kama nimezirai.

Halafu ufunguo. Nilikuwa nachomelea bawaba, na kila cheche ikiwaka, ule ufunguo uliokuwa unaning'inia kwenye msumari ulikuwa unatupa kivuli ukutani kwenye mabati. Ukaniuliza, "Ukipewa kivuli hicho tu, unaweza kuchonga ufunguo?"

"Siwezi. Funguo nyingi zina kivuli kimoja. Meno ya upande wa pili siyaoni."

Ukaruka kwa furaha kama bado uko chekechea. "Ni hivyo hivyo, khocha! Wewe unabaki na ufunguo mzima. Mtu akija anadai ni mimi, unampa kivuli tu. Yeye anakuletea nati aliyoiangusha kwa kutumia neno letu. Kama neno ni lenyewe, nati imelala karibu na kiungo. Sasa wewe unapiga hesabu kwa ufunguo na ile nati. Yeye anapiga kwa kivuli na siri yake ya jinsi alivyoiangusha. Njia mbili, hakuna aliyeonyesha mwenzake kitu, na mnafika kwa namba moja."

"Na akiwa mwongo?"

"Nati yake iko mbali na kila kiungo. Akishika kivuli, atakaa nacho. Namba yako kwake ni kama kete zilizorushwa gizani. Ndiyo wanaita laini, khocha, ile "smooth" ya kwenye karatasi. Kama ukuta uliopigwa plasta vizuri, kucha haipati pa kushika."

"Si karibu na si mbali je? Ile nati ya katikati?"

Ukasema hapo hesabu haikuahidi kitu, na hilo eneo la katikati ndilo unataka kwenda kulichimba. Nilijivuna wiki nzima kwamba nimeuliza swali la profesa. Otieno atakuambia nilijivuna mwezi. Asikilizwe.

Lakini kuna jambo moja sikukuambia siku hiyo. Ulisema kwamba kwa ajili ya zile kelele, namba zenu mbili hazifiki sawasawa, zinafika karibu karibu, kwa hivyo kila mmoja anaisukuma yake mpaka kwa namba nzima iliyo jirani. Makosa yakiwa madogo, mnakutana. Yakizidi, hata mwenye neno la kweli anafukuzwa mlangoni.

Nikasema kimoyomoyo: mbona hii ndiyo maisha yetu, mimi na huyu mtoto?

Ulikuja kwangu ukiwa na pengo la meno ya mbele. Usiku wa kwanza ulikuwa unalia kumtaka mama yako, nikakusimulia jinsi nilivyopigana mieleka na mamba katika mto Nzoia. Ukanyamaza. Ukafuta kamasi. Ukauliza, "Alikuwa mamba ama kenge?"

"Kenge."

"Mkubwa?"

"Wa kadiri."

"Ulimpiga?"

"Tulitazamana."

Tangu siku hiyo umekuwa ukinisukuma mpaka kwa ukweli ulio jirani. Nikisema nimeunda geti la Ikulu, unatoa sufuri, unapata bawaba ya geti la kanisa. Watu wengine wamegawanyika: kuna wanaoniamini kila kitu, hao ni wachache na wanaibiwa sana, na kuna wasioniamini chochote, hao wanamkosa yule kenge, na kenge alikuwepo. Ni wewe peke yako unayejua kelele zangu zina ukubwa gani. Wewe ndiye mwenye ufunguo wa mtu huyu.

Lakini siku moja niliweka kosa kubwa. Unaikumbuka, hatujawahi kuitaja. Ulikuwa kidato cha kwanza, siku ya wazazi kutembelea shule. Nilikuwa nimekuambia mama yako anakuja kutoka Bungoma. Sikuwa na habari yoyote kutoka kwake. Nilitaka tu uwe na kitu cha kungojea. Nilikuja mimi, nimebeba soda na mkate, nikakukuta getini na sare uliyoipiga pasi, ukinitazama nyuma ya mabega kama mtu mwingine atatokea. Jua likaondoka. Hukusema nitoe sufuri. Ulijaribu kunisukuma mpaka kwa ukweli ulio jirani na hapakuwa na ukweli jirani. Ulikunywa ile soda kwa ajili yangu. Mimi niliona.

Nimeunda mageti mengi, mwanangu, na lile ndilo geti ninaloliota.

Basi tuje kwenye neno. Mwezi uliopita Otieno alichukua sauti yangu kwa simu, nikipiga porojo zangu za kawaida, akaichezea kidogo, kisha akaiwasha kwa spika mbele ya watu. Sauti yangu, na kikohozi changu cha moshi, ikasema: "Mimi Wafula nakiri kwamba Otieno ni fundi kunishinda." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilipata baridi. Kama sauti yangu inaweza kukiri jambo kama hilo bila mimi kuwepo, basi sauti yako pia inaweza kunililia kutoka popote, na safari hii itaniita khocha tangu mwanzo.

Nikakuambia hofu yangu. Hukuchukua hata siku nyingi, ukaweka ile programu kwa simu yangu na yako. Neno halitoki kwa simu, halisafiri, zinazosafiri ni nati na vivuli. Mwisho kila simu inaonyesha namba. Tukisomeana na zikiwa moja, ni sisi. Zikitofautiana, mmoja si yeye. Ukainama kwenye sikio langu la kulia, maana la kushoto lililiwa na mlio wa grainda, ukaninong'oneza neno. "Usiliandike popote. Usimwambie mtu. Hata ukiwa peke yako usiliseme kwa sauti."

Na mimi, Nekesa, nilitii. Waulize. Otieno aliniahidi soda. Akaniahidi chapati. Akafika mahali pa kuniahidi kwamba atakiri mbele ya watu kuwa mimi ni fundi. Nilikaza mdomo kama bomba la maji siku za mgao. Mama wa kibanda cha maji aliniuliza siku hizi kuna siri gani na mtoto, nikanyamaza muda mrefu mpaka akauliza kama nimekunywa dawa.

Jumapili tukajaribu. Wewe ulikuwa nje karibu na kibanda cha maji, mimi nimekaa kitandani. Nikaandika. Ukasoma yako, nikatazama yangu. Hazifanani hata kidogo.

"Khocha, umeandika vizuri?"

"Vizuri kabisa. Ni netiweki hii ya Mashimoni."

Tukarudia. Zikakataa. Tukarudia tena. Ukaingia ndani ukasema, kwa sauti ndogo, "Basi kelele zimezidi. Nimezipima vibaya. Inamfukuza mwenye neno." Nikauona uso wako, na ulikuwa ule uso wa getini, na sare ile iliyopigwa pasi.

Ningesema hapo hapo. Badala yake nikasema netiweki. Na kila siku tangu hapo ninaposikia vidole vyako kwenye kompyuta najua nimekuweka tena getini, unamngoja mtu ambaye haji. Hakuna kosa huko unakotafuta. Ungetafuta mpaka huko ng'ambo, ungetafuta mpaka mvi, usingelipata, kwa sababu liko upande huu wa pazia.

Neno nimelisahau.

Sikulisahau kwa kutojali. Mimi kitu nisichokisimulia sikikumbuki, ndivyo nilivyo. Kila kilichomo kichwani mwangu kimekaa humo kwa sababu nilikisema, nikakirudia, nikakiongezea sufuri. Neno letu ni kitu cha kwanza tangu nizaliwe ambacho sikumwambia mtu. Nililinyamazia asubuhi, nikalinyamazia jioni. Siku ya kulihitaji nikaingia ndani kulichukua nikakuta pametulia tuli. Nililificha vizuri, hata mwenye nyumba halipati. Nilikumbuka tu kwamba ni chakula. Kwa hivyo Jumapili nilikuwa nabahatisha vyakula.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Wewe uliyeiunda ulikuwa na simu mkononi, hatua chache kutoka kwangu, na hukuona vyakula vyangu. Hukuona kama nimekaribia au niko mbali. Na mimi niliyekuwa ndani nilizitazama zile namba nikitafuta dalili yoyote, mahali pa kucha, kitu cha kuniambia "karibu hivi" au "rudi nyuma". Hakuna. Maisha yangu yote nimeunda milango, na kila mlango ukiugonga hukuambia kitu: huu ni mbao, huu ni bati, mtu yuko, mtu hayuko. Wako haukuniambia chochote. Nilisimama nje ya mlango wa mwanangu kama mwizi, mwizi mwenye jina zuri na nia njema, nao ukanikataa. Na katika kunikataa ukanisitiri. Aibu yangu haikuvuja hata tone.

Nilirudi nikalala chali nikitazama mabati. Nilitakiwa niwe na aibu, na nilikuwa nayo. Lakini juu ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kama ile siku ya kabati lisilo na ukuta wa nyuma. Nilijiambia: huyu mtoto aliyekuja na pengo ameunda mlango ambao hata mapenzi hayaupiti bila neno. Sijawahi kuona kazi ya fundi kama hiyo, na hapa namhesabu hata Wafula.

Kwa hivyo usimwandikie profesa. Kelele zako ni ndogo kama ulivyozipima. Iliyozidi ilikuwa yangu. Kionyeshe kitu chako, na wakikuuliza kama kimewahi kujaribiwa na mtu aliyetaka kuingia kwa moyo wake wote, sema ndiyo, na kilimshinda.

Kesho nakuja uwanja wa ndege. Nilikuwa nimesema nina kazi Satellite, sina. Kabla hujaingia pale ndani ambapo sisi wengine haturuhusiwi, niinamie sikio la kulia, unirudishie. Polepole. Safari hii nitalisimulia, lakini kwa geti la kanisa tu, asubuhi kabla watu hawajaamka, lenyewe halisemi.

Limebaki jambo moja dogo, na hili usilitolee sufuri yoyote. Lile jaribio la mwisho la Jumapili, lile ambalo umelichambua tangu siku hiyo ukitafuta kelele zimeingilia wapi: vyakula vilikuwa vimeniishia, nikahamia kwenye pombe, nikaandika busaa.

Khocha wako,
Wafula